Uzi wa mawe ya figo: kwa nini mwenzako alipigwa mawimbi mara moja akapona, wewe unarudishwa kila mara

Mvunja Kokoto (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Kila wiki naulizwa pembeni swali lilelile kwa maneno tofauti: nimepigwa mawimbi mara mbili na jiwe bado lipo, ndugu yangu alipigwa mara moja likaisha, je, nimeibiwa? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naweka hapa. Mimi si daktari. Ni mwendesha mashine inayovunja mawe ya figo kwa mawimbi kutoka nje ya mwili, yule anayekaa nyuma ya kioo na kitufe mkononi wakati daktari anafuatilia jiwe kwenye skrini. Kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na ushee, na mwaka mmoja nililazwa mimi mwenyewe kwenye kitanda kilekile nikiwa na jiwe la milimita 9. Nitafika huko.

Kwanza tuache kuita "mionzi". Hakuna mionzi inayovunja jiwe. Eksirei inayowashwa wakati wa kazi ni ya kulitafuta tu, na mashine nyingine zinalitafuta kwa ultrasaundi. Wala si leza. Leza inaingizwa pamoja na kamera kupitia njia ya mkojo, hiyo ni shughuli nyingine kabisa. Hii ni sauti. Kishindo kimoja kikali kinachopita ndani ya mikrosekunde chache, kisha kimya, kisha kingine. Kikao kimoja kinabeba vishindo 2000 hadi 3000 hivi.

Kishindo kinatoka wapi? Mashine za mwanzo zilikuwa na kitu ambacho fundi gari yeyote angekitambua: plagi. Ncha mbili za chuma ndani ya maji, unapitisha umeme mkubwa, cheche inaruka, maji yaliyo katikati ya ncha yanageuka mvuke papo hapo na kutanuka kwa nguvu. Pa! Lakini kishindo hicho peke yake kinasambaa kila upande, hakina faida. Kwa hiyo plagi inakaa ndani ya bakuli la chuma lenye umbo la nusu duaradufu. Waliosoma jiometri wanakumbuka: duaradufu, yaani duara lililovutwa, ina fokasi mbili (nukta mbili maalum ndani yake), na kinachotoka kwenye ya kwanza, kigonge ukuta popote, lazima kipite kwenye ya pili. Cheche iko fokasi ya kwanza, jiwe lako tunalileta kwenye ya pili. Kazi yangu yote, ukiondoa makorokoro, ni hiyo: kusogeza kitanda mpaka jiwe likae kwenye nukta ambayo haionekani kwa macho.

Hapo ndipo mnapopata jibu la wale wanaouliza kwa nini ngozi haipasuki. Wimbi linaingia mwilini likiwa limetawanyika kwenye eneo pana la ubavu, ni dhaifu. Linakusanyika ndani. Kwenye fokasi mgandamizo unaweza kufika megapaskali 40 au zaidi, yaani mara 400 ya hewa inayotuzunguka, na sentimita chache pembeni hakuna kitu cha kutisha.

Mashine za siku hizi nyingi hazina plagi. Zina koili na utando wa chuma, kanuni ileile ya spika ya redio, umeme unaurusha utando na utando unasukuma maji. Nyingine zina mamia au maelfu ya kristali ndogo zilizopangwa kwenye sahani iliyobonyea, zote zinashtuka kwa pamoja. Hizo za kristali ndizo zenye maumivu kidogo zaidi kwa sababu wimbi linaingia kwa eneo pana sana.

Sasa jiwe linavunjikaje? Hapa ndipo penye utamu, nivumilieni.

Chukua chaki. Ibane kwa urefu wake kati ya vidole viwili, kaza utakavyo, haikatiki. Ipinde kidogo tu, imekatika. Vitu vya namna ya jiwe vinavumilia sana kusukumwa na havivumilii kuvutwa. Wimbi likiingia kwenye jiwe linasukuma. Likifika upande wa nyuma, pale jiwe linapokutana na mkojo, sehemu yake inageuka kurudi, na inarudi kinyume: sasa inavuta. Jiwe linachanika kutokea mgongoni, si usoni. Wakati huohuo wimbi lililopita nje ya jiwe linalikaba kiunoni kama mtu anayekamua, kwa sababu sauti inakwenda haraka ndani ya jiwe kuliko ndani ya mkojo na mawimbi hayo mawili hayafiki pamoja.

Halafu kuna viputo. Kila kishindo kina kichwa kinachosukuma na mkia unaovuta. Mkia huo unavuta maji mpaka yanaachana, vinazaliwa viputo vidogo vidogo, vinavimba, kisha vinabomoka. Kiputo kinachobomoka kando ya jiwe hakibomoki kwa usawa, kinarusha mshale wa maji kuelekea jiwe. Viputo vya aina hii ndivyo vinavyotafuna propela za meli. Kwenye figo vinatafuna uso wa jiwe, na ndivyo vinavyosaga vipande vilivyokwisha kupasuka viwe mchanga.

Hakuna kishindo kimoja kinachomaliza kazi. Ni kama kukunja waya huku na huku, ufa unakua taratibu. Vishindo mia vya mwanzo unaangalia skrini huoni lolote. Baadaye kingo za jiwe zinaanza kulegea, kivuli kinapanuka na kufifia, kama sukari iliyoanza kulowa. Siku nzuri ni hiyo.

Naendelea chini, naona watu wameshaanza kuingia.

Jiwe la Kushoto

Naweka kambi hapa. Nina milimita 14 figo la kushoto na tarehe yangu imekaribia. Mkuu, hii kitu iligunduliwaje? Nani alikaa akafikiria kumpiga mtu kishindo tumboni?

Mvunja Kokoto

@Jiwe la Kushoto hakuna aliyekaa akafikiria, ilianzia kwenye ndege. Kampuni ya Dornier ya Ujerumani, watengeneza ndege wa Friedrichshafen, walikuwa wanachunguza matone ya mvua yanavyoharibu ndege zinazokwenda kasi kuliko sauti. Tone linagonga juu, uharibifu unaonekana hata ndani. Katika majaribio ya miaka ya 1960 mfanyakazi mmoja alikuwa ameshika bamba lililokuwa likipigwa risasi za majaribio, akahisi kama amepigwa na umeme. Wakapima, umeme hakuna. Kilichompitia mwilini kilikuwa wimbi, na ngozi yake haikuwa na alama.

Hilo ndilo lililowafungua macho. Kama linapita mwilini bila kuumiza, linaweza kufika kwenye kitu kigumu kilicho ndani? Wakaungana na madaktari wa chuo kikuu cha Munich, na tarehe 7 Februari 1980 Christian Chaussy na wenzake wakamtibu mgonjwa wa kwanza. Mashine iliitwa HM1. Ilipofika HM3, ikaanza kuenea duniani, Marekani waliipa kibali Desemba 1984. Mgonjwa alikuwa anakalishwa kwenye kiti cha chuma na kushushwa ndani ya beseni kubwa la maji, kamba za vipimo vya moyo zikining'inia. Vishindo vilifuata mapigo ya moyo, kila pigo kishindo kimoja, ili moyo usichanganywe.

Kabla ya hapo, jiwe kubwa la figo maana yake ilikuwa kisu, kovu la ubavuni kuanzia mbele hadi mgongoni, na wiki nyingi za kujiuguza. Ndani ya miaka michache kisu kikabaki kwa wachache sana.

Pasi Ndefu

Mkuu unasifia mashine ila hujajibu swali la kichwa cha uzi. Mimi ni mhanga. Mara tatu. Mara ya tatu nikaambiwa "jiwe lako gumu". Si wangeniambia mara ya kwanza?

Mvunja Kokoto

@Pasi Ndefu pole ndugu, na una haki ya kuuliza. Nitajibu bila kuficha kwa sababu sehemu ya makosa ni ya upande wetu.

Kuna mambo ya jiwe na kuna mambo ya watu.

Ya jiwe. Mawe hayafanani. Yale ya kalsiamu oksaleti yenyewe yana aina mbili, moja inapasuka vizuri na nyingine ni ngumu. Ya sistini ni sugu sana kwa kishindo. Yale ya brushaiti nayo ni sugu. Sitiskani inampa daktari fununu, kuna kipimo kinaitwa namba ya Hounsfield, jiwe likizidi 1000 matumaini yanapungua. Kwa hiyo "jiwe lako gumu" mara nyingi lilikuwa linajulikana kabla, kama kuna mtu aliangalia.

Kisha lilipo. Jiwe lililokaa kwenye kikombe cha chini cha figo (vikombe ni vyumba vidogo ambamo mkojo unakusanyika) linaweza kuvunjika vizuri na vipande vikabaki palepale, kwa sababu ili vitoke lazima vikwee kwenda juu. Mashine imefanya kazi yake, wewe huoni faida. Na umbali: kutoka kwenye ngozi hadi kwenye jiwe ukizidi sentimita 10, wimbi linachoka njiani. Mtu mnene anaonewa na fizikia.

Ukubwa nao. Jiwe la ndani ya figo likizidi milimita 20, kwa kawaida hupelekwi kwenye mawimbi, unatobolewa tundu dogo mgongoni na linatolewa kwa kamera. Njia hiyo ilielezwa na madaktari wa Sweden mwaka 1976, haijapitwa na wakati.

Sasa ya watu. Hapa nitachokoza wenzangu.

Kuna mahali nilifanya kazi, sitapataja, tuliambiwa tuendeshe vishindo 120 kwa dakika. Hesabu ni nyepesi: vishindo 3000 kwa kasi ya 60 ni dakika 50, kwa kasi ya 120 ni dakika 25. Foleni inaisha, wakubwa wanafurahi. Lakini kumbuka wale viputo. Kishindo kinapopita kinaacha viputo njiani, na vinahitaji muda wa kutoweka. Ukipiga kingine nusu sekunde baadaye, kinakutana na viputo vya mwenzake na nguvu yake inaliwa kabla hakijafika. Tafiti zilizolinganisha kasi hizo mbili zimeonyesha hivyo: taratibu inavunja vizuri zaidi, hasa mawe makubwa. Tulikuwa tunatibu watu wawili kwa muda wa mmoja, kisha wote wawili wanarudi. Nilisema, nikaambiwa niangalie kazi yangu. Niliangalia kazi yangu mahali pengine.

Jambo la pili la watu ni jeli. Tangu tuache beseni, mgonjwa analala kitandani na mto wa maji wa mashine unamgusa ubavuni, katikati tunapaka jeli. Wimbi linatoka kwenye maji kuingia mwilini bila kushtuka kwa sababu mwili kwa sehemu kubwa ni maji. Likikutana na hewa linarudi lilikotoka. Kiputo cha hewa kwenye jeli ni ukuta. Hata viwe vidogo, vikiwa vingi vinameza nguvu ambayo ulidhani imekwenda kwenye jiwe, na skrini inakuonyesha namba kubwa ileile.

Mtu asiyejali anaipaka jeli kwa kiganja, zigizaga, anabandika mto. Anayejua anaimimina kilima kimoja katikati ya mto, nyingi, kutoka chupa yenye mdomo mpana, haichanganyi, anaushusha mto polepole jeli ijisambaze yenyewe na kuifukuza hewa pembeni. Na mgonjwa akijigeuza katikati ya kikao, hata kidogo, anaangalia upya. Mimi nilikuwa napitisha kiganja kati ya mto na ngozi kufuta viputo, mgonjwa anacheka kwa mtekenyo. Dakika mbili zinazookoa kikao kizima.

Mwana Mizani

Naongezea kidogo mkuu kama utaniruhusu. Kuna kichekesho kwenye historia ya hizi mashine. Baada ya HM3 watengenezaji walishindana kuongeza nguvu na kubana fokasi iwe ndogo kama ncha ya penseli, wakidhani sindano kali ndiyo inachoma vizuri. Matokeo? Zile mpya nyingi hazikuifikia HM3 ya zamani. Fokasi ya HM3 ilikuwa pana, karibu sentimita moja na zaidi, mgandamizo wa wastani, na beseni lake halikuwa na tatizo la jeli. Fokasi pana inalikumbatia jiwe lote, hata likicheza.

Mvunja Kokoto

@Mwana Mizani umegusa penyewe. Jiwe linacheza kweli. Ukivuta pumzi figo linashuka, ukitoa linapanda, sentimita mbili tatu. Fokasi nyembamba na jiwe linalopanda na kushuka, vishindo vingi vinapiga nyama ya figo, si jiwe. Ndiyo maana tunamwambia mgonjwa apumue kwa utulivu, na ndiyo maana maumivu yakimzidi akaanza kuhema, kazi inaharibika. Dawa ya maumivu pale ni sehemu ya kulenga shabaha.

Mama Pacha

Jamani mnaongea fizikia wengine tunaogopa. Inauma? Na mtoto wa miaka sita anaweza kufanyiwa?

Mvunja Kokoto

Dada, nilisema nitafika kwenye jiwe langu, basi ndiyo hapa.

Niliwahi kuwaambia wagonjwa mamia "utahisi kama unapigwa kidole". Siku yangu nikagundua nilikuwa nadanganya bila kujua. Ni kama mtu amevuta mpira wa manati na kuuachia ubavuni, mahali palepale, kila sekunde. Mia za mwanzo unasema naweza. Nguvu ikipandishwa unaanza kuhesabu vigae vya dari. Ndani kuna maumivu mengine mazito yasiyo na mahali, yanashuka kuelekea kinena. Nilipewa dawa ya mshipa, nikavumilia. Na sauti ile, tak, tak, tak, niliyokuwa naisikia kutoka nyuma ya kioo miaka yote, ukiwa kitandani inakupiga kwenye meno.

Mkojo wa kwanza ulikuwa mwekundu. Nilijua utakuwa mwekundu, bado nilishtuka. Kwa walio wengi unakuwa hivyo siku moja mbili kisha unasafika. Ubavuni nikabaki na madoa kama ya kuumwa na wadudu. Siku ya tatu vipande vikaanza kushuka, na hapo ndipo nilipoheshimu wagonjwa wangu.

Watoto wanatibiwa, na mara nyingi wanafanya vizuri kuliko sisi. Mwili mdogo, wimbi halina safari ndefu, na mirija yao inapitisha vipande kwa urahisi wa ajabu. Wao wanapewa nusukaputi kwa sababu hawawezi kutulia. Mapafu ya mtoto yako karibu na figo na yana hewa, wimbi likiyafikia yanaumia, kwa hiyo tunayakinga kwa povu gumu lile jeupe la kufungashia vyombo. Limejaa hewa, linazuia wimbi. Yaani kitu tunachokifukuza kwenye jeli ndicho tunachokitumia kama ngao.

Kidole Gumba

Mimi nimesoma mahali kwamba inaleta kisukari na presha. Ndiyo maana nimekataa.

Mvunja Kokoto

@Kidole Gumba hukutunga, ilisemwa. Mwaka 2006 watafiti wa Mayo Clinic, hospitali kubwa ya Marekani, walifuatilia watu waliotibiwa kwa HM3 mwaka 1985, wakakuta presha na kisukari vingi kuliko kwa wenzao. Ilitikisa watu wa fani. Tafiti kadhaa zilizofuata, zikiwemo za hukohuko Mayo zenye watu wengi zaidi, hazikuona uhusiano huo. Kwa hiyo usikatae kwa sababu ya hilo.

Ila usidanganywe kwamba haina madhara. Kila kishindo kinachokosa jiwe kinapiga mishipa midogo ya damu ya figo. Mara chache damu inakusanyika chini ya gamba la figo na ikiwa nyingi ni tatizo la kulazwa. Ndiyo maana mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda hapigwi mpaka daktari wake apange namna ya kuzisimamisha, na kama hazisimamishiki anapelekwa kwenye leza. Mjamzito hapigwi kabisa. Mwenye maambukizi ya mkojo anatibiwa kwanza, maana ukivunja jiwe lenye bakteria unawafungulia mlango wa damu. Na kama chini ya jiwe njia imeziba, vipande vitatokea wapi?

Kuna kinga moja haigharimu chochote na bado watu wanairuka: kuanza na nguvu ndogo. Unapiga vishindo mia kadhaa hafifu, unasimama dakika chache, ndipo unapandisha. Kwenye majaribio ya nguruwe figo zilizoanziwa taratibu ziliumia kidogo mno kuliko zilizopigwa kwa nguvu tangu mwanzo. Mishipa ya figo inajibana, inajiandaa. Kwa hiyo anayekaa kitandani akaona dakika tano za mwanzo hazina maumivu asiseme mashine mbovu.

Pasi Ndefu

Nimekuelewa. Mimi nakumbuka nilitoka baada ya dakika ishirini na tano, nikafurahi kwamba imekuwa fupi. Kumbe.

Jiwe la Kushoto

Sasa mimi niulize nini siku yangu ikifika? Nisije nikaonekana mjuaji.

Mvunja Kokoto

Uliza tu, hakuna ujuaji kwenye figo lako. Muulize daktari jiwe liko kikombe gani na ugumu wake kwenye sitiskani ni kiasi gani. Muulize leza ingekuwaje kwa jiwe hilohilo, maana leza inasafisha zaidi kwa mara moja ingawa ni kuingiziwa chombo na pengine kubaki na mrija ndani siku kadhaa. Muulize wanapiga vishindo vingapi kwa dakika. Akijibu 60, tulia. Akikushangaa kwa nini umeuliza, si kosa lako.

Milimita 14 iko kwenye eneo la mawimbi, usiwe na hofu, ila jiandae kisaikolojia kwamba kikao cha pili si kushindwa.

Mama Pacha

Huo mrija ndani ni nini? Shemeji yangu alikuwa nao akalalamika mwezi mzima.

Mvunja Kokoto

Unaitwa stenti, mrija laini kutoka figo hadi kibofu, umejikunja mkia huku na huku usitoke. Unawekwa jiwe likiwa kubwa au figo likiwa moja tu, ili vipande vikijazana mkojo uendelee kupita. Unakera, shemeji hakuzidisha: kila ukienda haja ndogo unavuta kwenye ubavu. Na asisahau kuutoa! Nimeona uliosahaulika ukaota mawe juu yake.

Kujazana kwa vipande kuna jina la Kijerumani, Steinstrasse, yaani barabara ya mawe. Kwenye eksirei kweli unaona barabara, kokoto zimepanga foleni kwenye mrija wa mkojo. Mara nyingi inajifungua yenyewe, madaktari wanasaidia kwa dawa ya kulegeza mrija. Lakini sikilizeni, hili silifanyii mzaha: maumivu ya ubavu pamoja na homa na kutetemeka baada ya kupigwa mawimbi, usisubiri kuche. Nenda usiku huohuo. Mkojo uliooza nyuma ya kizuizi unaua.

Mwana Mizani

Vipi ile teknolojia mpya ya Seattle? Nasikia mgonjwa anakuwa macho kabisa.

Mvunja Kokoto

Ile ya Chuo Kikuu cha Washington. Wao hawapigi kishindo kimoja kikubwa, wanatumia milipuko mifupi ya ultrasaundi yenye mgandamizo mdogo, jiwe linapata nyufa zilizopangana kama tofali. Wana pia ultrasaundi nyingine ya kusukuma vipande vitoke kwenye kikombe cha chini, jambo ambalo mimi ningelipenda sana enzi zangu. NASA iliweka mkono kwa sababu wanaanga hupoteza kalsiamu mifupani na kuipitisha kwenye mkojo, na huko juu hakuna pa kukimbilia. Wagonjwa wa majaribio wametibiwa bila nusukaputi. Naifuatilia.

Kidole Gumba

Na mawe yanayoyeyuka kwa dawa? Kuna mtu aliniambia lake liliyeyuka bila mashine.

Mvunja Kokoto

Inawezekana kama lilikuwa la asidi ya yuriki. Hilo halionekani kwenye eksirei ya kawaida, na linayeyuka ukipunguza uasidi wa mkojo kwa dawa ya daktari. Mawe ya kalsiamu, ambayo ndiyo mengi, hayayeyuki kwa chochote utakachokunywa, asikuuzie mtu. Maji hayayeyushi jiwe lililopo, ila yanazuia lijalo. Waitaliano walifuatilia watu waliopata jiwe la kwanza kwa miaka mitano, matokeo yakatoka 1996: walioambiwa wanywe mpaka mkojo uzidi lita mbili kwa siku, 12 kati ya 100 walirudiwa na jiwe. Wale ambao hawakuambiwa, 27. Punguza na chumvi, inavuta kalsiamu kwenye mkojo.

Jiwe la Kushoto

Wakuu, narudi na mrejesho. Nilipigwa wiki iliyopita. Niliuliza vishindo vingapi kwa dakika, mwendeshaji akatabasamu akasema sitini, akaniuliza nimesomea wapi. Alimimina jeli kama alivyosema mkuu, kilima. Dakika hamsini na tano. Nimehesabu vigae vya dari, viko 84.

Mkojo mwekundu siku mbili. Jana alfajiri nimepata maumivu ya kugaagaa, nikameza dawa niliyopewa, saa mbili baadaye kwenye chujio nimekuta kitu kama punje za mchanga wa kahawia na kipande kimoja cha ukubwa wa kichwa cha kiberiti, kina ncha ncha. Nimekitazama kwa muda mrefu sana. Mke wangu anataka nikitupe.

Mvunja Kokoto

Usikitupe! Kikaushe, weka kwenye kichupa safi, peleka maabara wakakipime ni aina gani. Hicho kipande ndicho kitakachomwambia daktari namna ya kuzuia kingine. Na tarehe ya kipimo cha marudio usiikose hata kama huna maumivu, kuna vipande vinakaa kimya. Hongera mkuu.

Pasi Ndefu

84? Pale nilipokwenda mimi vilikuwa 60, na sikuvimaliza kuvihesabu.